Zamu ya Waridi: Safari ya Kwanza Jabal Akhdar

Kwetu Unguja, ua lina mahali pake na mboga ina mahali pake. Asumini hupandwa mbele ya nyumba, karibu na baraza, ili harufu yake iwapokee wageni wa jioni. Mlangilangi husimama pembeni mwa kiwanja. Mchicha, bamia, bilingani na mchaichai huwekwa nyuma, uwani, jirani na jiko. Bustani yangu ya Mwera nimeilima kwa mpango huo huo nilioukuta kwa mama, naye aliukuta kwa bibi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza sababu.

Mtoto wa mama yangu mdogo, aliyeolewa Muscat, ndiye aliyenitia swali moyoni. Tulikuwa tukizungumza kwa simu habari za nyumbani, nikamwambia bamia zimeshika vizuri. Akaniambia, "Dada, huku Oman kuna mlima watu wanalima mawaridi na thomu shamba moja." Nikamtaka arudie. Akarudia, kisha akaongeza: "Njoo mwezi wa nne uone kwa macho yako. Ukichelewa hukuti kitu. Waridi la huko huchanua mara moja tu kwa mwaka."

Nikafunga safari.

Kutoka kwetu hadi Muscat ndege huchukua kama saa tano, na saa za huko zimetangulia zetu kwa saa moja tu. Njia ni ya zamani kuliko ndege. Tangu kabla ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao ya utawala wake Unguja katika karne ya 19, majahazi yalikuwa yakishuka na upepo wa kaskazi na kurudi na upepo wa kusi, na waliosafiri walihesabu majuma. Mimi nilikula chakula cha mchana, nikalala kidogo, nikaamshwa tufunge mikanda. Dirishani niliona bahari ya buluu, kisha milima mikavu imeinuka karibu na maji, na nyumba nyeupe zimejipanga chini yake.

Nyumbani kwa mdogo wangu nilihisi sijaondoka. Wali wa nazi ulikuwepo, mchuzi wa samaki ulikuwepo, na mama mkwe wake, aliyezaliwa Unguja, aliniuliza habari za mitaa ya Mji Mkongwe mmoja baada ya mwingine. Nje ndiko kulikokuwa kugeni. Joto la Muscat mwezi wa nne halina unyevu wa masika yetu wala wingu la kulipunguza. Hata hivyo barabara kuu zimepambwa maua. Petunia za rangi nyekundu, nyeupe na zambarau zimetandazwa kwenye miteremko, na chini yake pamelazwa mipira myembamba inayodondosha maji usiku na mchana. Nilishangaa, nikafurahi, lakini swali langu halikujibiwa. Hayo yalikuwa maua ya macho, na hakuna jani la kuliwa karibu nayo. Mpango ule ule wa kwetu, tofauti ni ukubwa wake tu.

Asubuhi moja shemeji alituamsha mapema tukaanza safari ya bara. Nizwa iko kama kilomita 160 kutoka Muscat, na njia inapita baina ya milima ya Hajar. Sijawahi kuona milima mitupu namna ile. Mtu aliyezaliwa Unguja hajui mlima usio na mti. Hata jiwe la kwetu huota kitu likinyeshewa. Huku ni mwamba juu ya mwamba, rangi ya kahawia na kijivu, maili baada ya maili. Kila tulipozidi kwenda nilizidi kujiuliza: hilo waridi litatoka wapi?

Nizwa ilikuwa makao ya maimamu wa Oman, na bado mji una heshima hiyo. Ngome yake yenye mnara mpana wa mviringo ilijengwa katika karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi. Kama ni Ijumaa asubuhi utakuta mnada wa mifugo, mbuzi wakizungushwa duara mbele ya wanunuzi na watu wakipandishiana bei kwa sauti. Sisi tuliingia sokoni, na pua yangu ikanipeleka penye halua.

Tulikuwa tukisemezana kwa Kiswahili mbele ya duka moja, mara mwenye duka akadakia, "Karibuni! Unguja sehemu gani?" Wengi Oman wanakijua Kiswahili, kwa kuzaliwa kwetu au kwa kuzaliwa na wazee waliotoka kwetu, lakini kukikuta pale, chini ya ngome ya maimamu, kulinipa furaha ya ghafla. Akatukalisha. Tukaletewa halua ya moto na vikombe vidogo vya kahawa. Halua ile ina sukari, wanga, samli, zafarani na iliki, na husongwa kwa saa nyingi katika sufuria kubwa ya shaba. Hayo yote nayajua, maana halua ya kwetu ni ndugu yake. Kahawa ndiyo iliyonisimamisha. Ilikuwa na iliki na kitu kingine nilichokijua, ila nilikijua mahali pengine kabisa: ilikuwa na marashi.

"Maji ya waridi," akasema mwenye duka, akanionesha chupa kwenye rafu. Zilikuwa za namna mbili. Za kwanza zilikuwa na maji meupe safi, kama yale tunayonunua Darajani na kuyatia kwenye mrashi siku ya maulidi. Za pili zilikuwa na maji ya rangi ya kahawia. "Haya ya rangi ndiyo ya mlimani, ya mtindo wa zamani." Akafungua moja, akanipa ninuse. Ilikuwa harufu ya waridi, naam, lakini nyuma yake palikuwa na moshi. Nikanusa tena. Moshi ulikuwepo. Maisha yangu yote nimenyunyiziwa marashi mawaridi, harusini, maulidini, hata kwenye sanda za wapendwa wetu, na sikujua kwamba yanaweza kunuka jiko. Nikanunua chupa, nikaishika mapajani njia nzima.

Chini ya mlima pana mji wa Birkat al-Mawz, na hapo ndipo nilipoona falaji kwa mara ya kwanza. Ni mfereji uliojengwa kwa mawe na chokaa, unaochukua maji kutoka chemchemi au chini ya ardhi na kuyapeleka mashambani kwa mteremko tu, bila pampu. Falaji ya hapo, Al-Khatmayn, ni moja ya falaji 5 za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Nilitumbukiza mkono. Maji yalikuwa baridi na yanakwenda kwa haraka, wakati juu yake jua linachoma. Pembeni palikuwa na shamba ambalo ningeweza kulitambua hata nikiwa nimesinzia: mitende juu, migomba na midimu chini yake, na majani ya mifugo yamefunika ardhi. Ukitoa mitende ukatia minazi, uko Mwera. Hapo nikaanza kupata moyo. Watu hawa nao wanajua kulima kwa ghorofa.

Kisha tukakuta kizuizi cha polisi. Hakuna gari linaloruhusiwa kupanda Jabal Akhdar isipokuwa lile linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nilidhani ni ukali wa bure mpaka tulipoanza kupanda. Barabara ni ya lami, pana na nzuri, lakini inapanda bila huruma, kona juu ya kona. Upande wa kushukia wamejenga njia za pembeni zilizojaa changarawe, zinazopandisha kilimani, ili gari lililoshindwa breki liingie humo lisimame. Nilishika mlango kwa mkono mmoja na chupa yangu kwa mwingine. Shemeji akacheka, "Dada, zamani watu walipanda huku kwa punda."

Uwanda wa Sayq uko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Masingini, pahali pa juu kabisa Unguja, hapafiki hata mita 150. Tulipofungua milango ya gari upepo ulitupokea wa baridi, na mdogo wangu akanirushia shuka. Kule Nizwa tulikuwa tukijifuta jasho. Hapa, mwendo usiotimia saa mbili, nilikuwa natafuta soksi. Kwenye majabali palikuwa na miti mizee iliyopinda, jamii moja na mtarakwa wa milima ya Kenya na Tanzania. Wenyeji wanasema majira ya baridi maji huganda usiku.

Lakini waridi bado sikuliona. Shemeji alitupeleka hadi ukingoni mwa bonde, akasema, "Sasa tazameni chini."

Nilitazama, na kwa muda sikusema neno. Ukuta wa mlima ulikuwa umechongwa matuta kuanzia juu hadi kwenye kina cha bonde, moja chini ya jingine, kila moja limezuiwa kwa ukuta wa mawe. Baadhi yalikuwa mapana kiasi cha uwanja wa nyumba, mengine hayazidi upana wa mkeka. Vijiji vya Al-Aqr, Al-Ayn na Ash-Shirayjah vimekaa ukingoni juu yake, nyumba zimeshikana na jabali. Mlima wote ulikuwa wa kijivu isipokuwa hapo, na hapo palikuwa na kijani, na katika kile kijani palikuwa na madoa ya waridi. Wazee waliyajenga matuta hayo kwa mikono, wakakusanya udongo na kuumwaga nyuma ya kila ukuta. Kwetu ardhi tumeikuta. Wao wameitengeneza. Mtu aliyeijenga ardhi yake kiasi hicho hawezi kupoteza hata shubiri moja, na nadhani swali langu lilianza kujibiwa pale pale, kabla sijashuka.

Tulilala kijijini kwa jamaa wa shemeji. Alfajiri, baada ya sala, mwenyeji wetu, mzee ambaye sote tulimwita ami, alichukua kitambaa kikubwa akajifunga kiunoni kikawa mfuko, akatuongoza kwenye ngazi za mawe. Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa maji. Harufu ilifuata. Halafu, mwanga ulipopata nguvu, nikayaona maua yenyewe.

Waridi nililolizoea ni lile la dukani, linalolimwa Naivasha na Arusha kwa ajili ya kupelekwa Ulaya: shina refu lililonyooka, ua limefumbata, harufu haba. Hili la mlimani halifanani nalo. Kichaka chake ni cha kimo cha mtu, miba tele, na ua lake ni dogo, limefunguka lote, petali nyingi laini za rangi ya waridi iliyopauka. Ukilishika linaachia petali mkononi. Huwezi kulifunga shada wala kulisafirisha. Ila harufu yake! Nilisimama katikati ya vichaka nikavuta pumzi hadi mdogo wangu akaniuliza kama ninaumwa. Wenyewe wanasema asili yake ni Uajemi, na duniani linajulikana kwa jina la mji wa Damascus.

Ami alichuma kwa vidole viwili, bila kuangalia, akiacha vitumba vilivyofumba kwa ajili ya kesho. Nilimuuliza kupitia kwa shemeji: kwa nini mapema hivi?

"Mwambie dada, jua likipanda harufu hupanda nalo."

Nami nikachuma. Miba ilinichoma, lakini nilikataa kuacha. Nilipoinama kuokota petali zilizodondoka, ndipo nilipokuta nilichokifuata. Mguu wangu ulikuwa umesimama kwenye ukingo wa tuta la thomu. Majani yake yalikuwa yameanza kugeuka manjano kuonesha kuwa liko tayari kung'olewa. Mstari wa thomu, mstari wa vitunguu maji, kisha mkomamanga unaochipua majani mapya na maua mekundu, na kuzunguka ukingo mzima, mawaridi. Harufu zote ziliingia puani pamoja. Nilichanganyikiwa kidogo, nikauliza swali nililolibeba tangu Unguja: thomu haliharibu harufu ya waridi?

Ami alinyanyua uso. "Waridi halina pua, dada. Kila mmoja anakula chake ardhini."

Halafu akanieleza, tuta kwa tuta, na mimi nikisikiliza kama mwanafunzi wa chuoni. Waridi liko ukingoni kwa sababu mizizi yake inashika udongo usimomonyoke na ukuta, na kwa sababu mbuzi hapendi miba. Thomu liko katikati kwa sababu linataka jua. Hupandwa kipupwe kikikaribia, wakati mkomamanga umepukutisha majani yake yote, hivyo katika miezi ya baridi jua hupita matawini na kulifikia. Mkomamanga unapovaa majani upya, thomu limekomaa na kivuli hakilidhuru tena. Mwezi wa nne ni wa waridi na thomu. Kiangazi huja aprikoti na pichi. Joto likianza kuvunjika, makomamanga huiva, na hayo ya Jabal Akhdar yana sifa Oman nzima. "Waridi hunilipa mapema," akasema, "kabla ya tunda lolote."

Nikamuuliza kuhusu nyuki, maana walikuwa wengi kiasi kwamba kila kichaka kilivuma. Akanionesha tawi lililobeba sega moja tu, dogo, linaning'inia wazi bila mzinga. Oman ina nyuki wa asali wa aina mbili: yule wa kawaida anayefugwa, na huyu mdogo anayejenga sega lake tawini. Waridi linawaita, na wakishakuja hawabagui. Wanapita hadi kwenye maua ya mkomamanga, na mkomamanga uliotembelewa na nyuki hushika matunda zaidi. Mboga zilizoachwa kuzaa mbegu nazo hupata sehemu yao.

Ghafla ami alitazama saa, akaacha kuchuma, akashuka matuta mawili. Zamu yake ya maji ilikuwa imefika.

Hapa falaji ndiyo sheria. Maji hugawiwa kwa muda, na kipimo chake cha kale ni athari moja, kama nusu saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku kwa nyota zinazochomoza juu ya mlima. Siku hizi saa ya mkononi inatosha. Kila familia ina fungu lake, wengine la urithi, na yupo wakili wa kijiji anayesimamia hesabu na kusuluhisha. Ami alitoa jiwe lililovikwa tambara kwenye tundu la mfereji, na maji yakaingia kwenye tuta lake. Kijana mmoja kutoka Bangladesh, anayemsaidia shambani, alikimbia na jembe kuyaelekeza. Yalipita kwenye thomu, yakazunguka shina la mkomamanga, yakafika ukingoni kwenye mawaridi. Hayakurukishwa popote.

"Waridi nalo lina zamu?" nikauliza.

"Zamu ni ya shamba," akasema ami. "Anayekunywa ni shamba zima."

Maneno hayo nimekaa nayo. Nyumbani kwangu maji ya asumini ni yale yaliyobaki ndoo ikishamaliza mboga, na kiangazi kikikaza, ndoo haibaki na kitu. Ua kwetu ni mgeni wa bustani: linapendwa, linasifiwa, lakini halimo katika hesabu. Kwa ami limo. Linashika ukuta, linazuia mbuzi, linaita nyuki, linaleta fedha ya mwanzo wa msimu, na kwa hiyo linakunywa pamoja na wenzake.

Maua yaliyochumwa hayangoji. Tuliyabeba hadi kwenye chumba chenye giza nyuma ya nyumba, kuta zake zimekuwa nyeusi tangu chini hadi darini. Hapa alitawala mama wa nyumba, mke wa ami. Kando ya ukuta palikuwa na tanuri la udongo wanaloliita duhjani, lenye mashimo kadhaa juu, na kila shimo limekalishwa chungu. Akatia petali chunguni, tele, na maji kidogo. Juu ya petali akaweka bakuli la shaba tupu. Kisha akafunika chungu kwa chombo kingine cha shaba kilichojaa maji baridi, akaziba pembezoni kwa kitambaa, akakoleza moto chini.

Mpishi yeyote wa wali atalielewa jambo hili. Ukifunua sufuria iliyopaliwa, ndani ya mfuniko unakuta matone: ni mvuke uliogusa kitu cha baridi ukarudi kuwa maji. Hapa ni hivyo hivyo, ila matone yanayodondoka yamebeba roho ya waridi, nayo yanakusanywa bakulini badala ya kurudi chunguni. Maji ya juu yakipata moto hubadilishwa. Kazi huchukua saa kadhaa, na petali mpya hutiwa mara kwa mara.

Moshi ulijaa, macho yalitutoka machozi, na hapo nikaielewa chupa yangu. Udongo wa tanuri na wa vyungu umenywa moshi wa miaka na miaka, na maji yanapopita humo huchukua rangi na harufu yake. Mama wa nyumba aliyamimina yaliyotoka kwenye mtungi mkubwa. Alisema yataachwa humo zaidi ya mwezi mmoja yatue, ndipo yatiwe chupani. Siku hizi wapo wanaotumia mitambo ya chuma kisichoshika kutu na moto wa gesi, na maji yao hutoka meupe na mengi zaidi. Nilimuuliza yapi bora. Akanimiminia tone kwenye kahawa kutoka chupa ya mwaka jana, ya kahawia, akasema, "Haya ndiyo ya mama yangu." Nilikunywa taratibu. Moshi ule ambao Nizwa ulinishangaza, sasa niliutambua na niliupenda.

Tulipokuwa tukiondoka, shemeji alitupitisha Wadi Bani Habib, kijiji cha zamani kilichohamwa. Nyumba za mawe na udongo zimebaki midomo wazi juu ya bonde, na chini yake mijozi mikubwa bado inazaa. Njiani pia niliona matuta makavu, kuta zimebomoka, vichaka vya waridi vimebaki vijiti. Ami alikuwa ameniambia kwamba mvua hazijai kama za utotoni mwake, na falaji hupungua, na maji yakipungua huwa ni matuta ya mwisho wa mfereji yanayoachwa kwanza. Bustani ile haijalindwa na umri wake. Inalindwa kila siku na mtu anayetazama saa na kuondoa jiwe kwenye mfereji.

Tulishuka mlima gia ikiwa chini, joto likapanda, shuka likavuliwa. Nilikuwa na chupa mbili za maji ya waridi, kifungu cha thomu nilichopewa na mama wa nyumba, na mpango mpya wa bustani kichwani.

Ninawaandikia wenye viwanja vidogo, ninyi mnaolima matuta mawili uwani Mwera, Tanga, Mombasa au Mbagala. Waridi la Jabal Akhdar ni la baridi na sikuombi ulihangaikie katika joto la pwani. Tunayo ya kwetu. Rehani hukaa vizuri kando ya nyanya, na ukiiacha ichanue nyuki hawaondoki. Choya ina ua zuri, na vikombe vyekundu vya ua lake hutengenezwa sharubati. Alizeti itasimama ukingoni bila kuomba nafasi. Asumini inaweza kupanda kwenye uzio wa mboga na maua yake yakaingia kwenye kikuba, nacho kinauzwa. Kumbuka kwamba boga, tango na tikiti vina ua dume na ua jike mbalimbali, na bila nyuki wa kubeba chavua ua jike hunyauka bila tunda. Anayelalamika kwamba maboga yake yanachanua bila kuzaa, mara nyingi anachokosa ni nyuki. Wala usipulize dawa asubuhi wakati maua yamefunguka, maana utawaua wale wale unaowahitaji.

Ua ni zao. Lipande katikati ya mboga zako msimu huu, na ulipatie zamu yake ya maji.